Masikio ya Jiko

Wakili Shose ananiambia nilisimamishe mezani,
juu ya gazeti la juzi, lisichubue vanishi.
Ofisi yake iko ghorofani, Mtaa wa Rindi;
nimepanda ngazi na jiko begani
kama mtu anayempeleka mgonjwa.

Anataka michoro sita.
Mbele, nyuma, kushoto, kulia,
juu, kama anavyoliona kunguru,
chini, kama inavyoliona sakafu.
Kivuli hakitakiwi. Moto hautakiwi.
Picha niliyopiga Pasua, mlangoni pa karakana,
anaitazama, anacheka:
“Mlima huu utoe. Tunasajili jiko.
Mlima una wenyewe.”
Na mkono ulioshika sikio la kushoto?
“Nao.”

Kisha kalamu. “Masikio haya,
mbona yanatoka nje, halafu yanarudi ndani
kama mtu aliyeitwa njiani akageuka?”

Nikamweleza, maana nimeulizwa.
Dada yangu Ndeanasia anakaanga maandazi stendi.
Siku hiyo mvua ilikuja bila hodi,
akalinyanyua jiko la masikio ya kawaida
na kitambaa hakikutosha.
Vidole viwili. Ngozi ilibaki kwenye bati,
ikanuka kama...
nikanyamaza, Shose akanisubiri.
Usiku ule nilikata debe, nikapinda, nikakunjua,
debe la pili, la tano,
jirani akigonga ukuta tulale.
Nilitaka hewa ipite kati ya moto na mtu.
Basi.

Akaiweka kalamu chini.
“Usiseme hivyo.
Ukisema yanazuia kuungua, hiyo ni kazi,
na kazi ina mlango mwingine, fomu nyingine, ada nyingine.
Karatasi hii inalinda sura.
Sema yanapendeza.”

Yanapendeza.
Nikalijaribu neno mdomoni
kama aonjaye mchuzi wa mwenzake.
Miaka kumi na minne ya nyundo
na hakuna aliyeniuliza habari ya kupendeza.
Wananiuliza bei. Wananiuliza kama litakula mkaa.

Nikalitazama jiko. Nalo, kwa masikio yake, likanitazama.
Na kweli, kwenye ncha pale
kuna kipindo kidogo, cha mwisho,
ambacho hakijamwokoa mtu kidole.
Nilikipinda alfajiri, kazi ikiwa imekwisha,
nikipiga mluzi,
sijui kwa nini.
Nilikuwa nimekisahau.

“Hicho,” nikasema, nikaona haya
kana kwamba amenikuta naoga.
“Andika hicho.”

Akaandika. Akauliza: “Umeshaliuza? Umeshalionyesha watu?”
Moja tu limetoka, nikasema, analo dada.
Akavua miwani.
“Mwambie alifiche hadi tupate namba.
Kitu kikishazoeleka machoni pa watu,
utasemaje ni kipya?”

Nikashuka ngazi mbili mbili.
Stendi, mabasi ya Tanga yanaita abiria,
Ndeanasia ana unga mpaka kwenye nyusi.
“Nilifiche jiko?” Akacheka, akageuza andazi.
“Nikaangie nini, mapajani?”
Akalisogeza karibu nami, kwa sikio, mkono mtupu,
ile ya vidole viwili vyenye ngozi ya kung’aa,
wala hakutazama alipoligusa.

Kwenye benchi, kijana wa karakana ya Njoro,
andazi la tatu mkononi, limeshapoa,
hakuwa akitazama andazi.