Kutoka ya Kumi na Nane hadi ya Ishirini na Moja

Ngamiani barabara zetu hazikupewa majina,
zilipewa namba.
Nyumba ya mama iko ya Kumi na Nane,
kilabu cha mnazi kiko ya Ishirini na Moja.
Ni mwendo wa kumaliza kitumbua kimoja
kama hukusimama kuamkia watu.

Melini mwendo huohuo huchukua miaka mitatu.

Menezes, mkuu wa baa, alinivisha kizibao cheusi akasema:
bahari ya huku, miaka kumi na minane;
bahari ya kule, ishirini na mmoja.
Tukivuka mstari, uliyempa jana leo umnyime.
Nikamuuliza, mstari uko wapi?
Akacheka. Uko ndani ya kadi.

Kadi ikigusa mashine ikalia mara moja, mimina.
Ikilia mara mbili, tabasamu, toa juisi.

Mama kwenye simu: Mhina, unauza nini huko?
Vinywaji, mama.
Soda?
Na soda.

Nimemwona binti aliyeazima kadi ya dadake
pamoja na rangi ya mdomo ya dadake.
Nimemwona baba, bia mbili mbele yake,
ya pili akiisogeza kwa kiwiko kuelekea kwa mwanawe,
taratibu, kama mcheza drafti anayedhani mwenzake kasinzia.
Niliiondoa ile bilauri.
Huyu ni mwanangu, akasema.
Ndiyo, bwana. Na hii ni kazi yangu.
(Kamera iko juu ya rafu ya wiski, haipepesi.
Kombo wa Tongoni alishushwa bandari ya ugenini na begi lake
kwa divai ya mtoto mmoja
aliyemzidi ndevu.)

Kisha yule wa miaka kumi na tisa.
Jana yake alikunywa mbili, akanisimulia mbwa wao aliyekufa.
Usiku tukavuka.
Jioni kadi yake ikalia mara mbili.
Jana nilikuwa mtu mzima, akasema, nimekosa nini?
Nikamsogezea juisi ya embe, na kimwavuli chake cha karatasi.
Hakuigusa. Akanitazama usoni:
Na wewe, una miaka mingapi?

Swali dogo. Likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Pasi yangu inasema tarehe moja, mwezi wa saba.
Tulikuwa kumi na mmoja darasani tuliozaliwa siku hiyo,
wote watoto wa kambi ya mkonge, kule Pongwe;
mwalimu Sekibaha alichoka kuuliza, akaishusha kalamu
kutoka jina la kwanza hadi la mwisho.
Mama husema nilizaliwa mvua za vuli,
mwaka ambao singa zililala ghalani bila mnunuzi.
Siku nyingine husema, hapana, huo ni mwaka wa dada yako.
Basi huenda siku nilipoanza kumimina
ile mashine ilipaswa inililie mimi.

Nimekuja likizo, miezi miwili.
Jana magharibi, nikipita kilabuni,
nimemkuta Mwanashuri wa nyumba ya pili
amepanda kreti ili aifikie kaunta.
Ukutani juu yake, kwa rangi nyekundu:
HATUUZI KWA WALIO CHINI YA MIAKA 18.
Muuzaji akamjazia kidumu hadi shingoni,
akakiziba kwa kipande cha nailoni.
Nikamuuliza mtoto kwa sauti ile ya kazini, tabasamu limo:
Una miaka mingapi?

Nimetumwa, akasema.

Nilimpokea kidumu. Tukatembea,
ya Ishirini, ya Kumi na Tisa,
yeye akiruka madimbwi, povu likinitonea kiatuni.
Tulipoiona taa ya kwao akanishika mkono.
Nipe sasa, akasema.
Baba akiona umenibebea atanipiga.

Nikampa.