Kidole cha Sita

Kanisa la Mtakatifu Eufemia halina mnara wa kujivunia.
Ulianguka kwa tetemeko, ukajengwa, ukaanguka tena,
na mara ya tatu watu wa Roccaspina wakasema basi,
wakaitundika kengele kwenye boriti mbili za mwaloni
juu ya banda la kuku la paroko.
Ipo hapo hadi leo. Ikilia, kuku hutawanyika.

Nilipanda huko mwezi Machi, theluji ingali makaburini,
na kilo mbili za pamba, visu vya daktari, taa,
na barua ya idara: safisha picha ya altare kuu,
Mama na Mwana, mchoraji hajulikani, hali mbaya.

Hajulikani na idara. Daftari la kanisa linamjua:
"Kwa Bastiano mchoraji, aliyekuja kwa miguu,
dengu magunia matatu, jibini moja, punda mmoja kilema."
Na chini yake, kwa wino mwingine:
"Punda amerudi peke yake."

Ukutani kushoto yupo mbwa wa Mtakatifu Roko.
Roko mwenyewe hayupo; alipakwa chokaa mwaka wa tauni,
na chokaa ikaishia kwenye masikio ya mbwa.
Watoto humwachia maganda ya mkate.
Panya wa hapa ni wanene.

Mimi husafisha kwa mate. Usicheke.
Mate ya mtu hulainisha moshi wa mishumaa
kuliko dawa nyingi za chupa.
Nalowesha pamba ulimini, naizungusha, inatoka masizi:
karne za ubani, mafuta, pumzi za watu
walioomba mvua,
walioomba mvua ikome,
walioomba mwana apande juu salama
kutoka kwenye migodi ya Ubelgiji.
Nimezimeza kidogo, sala zao. Ni chungu.

Saa nne Domitilla, mwenye funguo, huniletea kahawa.
Huishika kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto hukaa mfukoni mwa aproni,
kama mtu anayelinda chenji yake.

Siku ya kumi na moja, pale Mama anaposhika goti la Mwana,
rangi ikaanza kusema uongo:
buluu changa, nene, ya brashi isiyojua kazi.
Nikarudi kwenye daftari. Mwaka 1741:
"Kwa amri ya Don Gaudenzio, kidole kimoja kifutwe,
maana Mama wa Mungu hawezi kuwa na kasoro.
Kwa Nunzio mpaka chokaa, soldi sita."
Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini hiki kilimvunjia padri usingizi.

Nilikifukua kwa siku mbili, nikibana pumzi.
Kikatoka kando ya kile cha mwisho, chembamba,
kimepinda kidogo, na ukucha wake,
na chini ya ukucha
mstari wa uchafu, kama wa mtu aliyetoka kuchambua dengu.
Bastiano hakukosea. Bastiano alitazama.

Nikamwita Domitilla.
Hakupiga ishara ya msalaba. Alisogea mpaka pua
ikakaribia kugusa ubao, nami sikuthubutu kumkataza.
"Wa kwetu huyo," akasema. "Ukoo wa wakunga."
Kisha akautoa mkono mfukoni.

Vidole vitano.
Na ubavuni, kovu, dogo kama punje ya dengu.
"Nilikuwa na miaka mitatu. Mama alisema
nani atamwoa na mkono huo? Wakanipa divai yenye sukari.
Divai naikumbuka vizuri."

Hakuolewa. Hilo sikuambiwa na yeye, niliambiwa na muuza mikate.

Kwa mkono huohuo akachukua kikombe, akaenda zake,
funguo zikigongana kiunoni,
na kwa mara ya kwanza sikuwa na mate mdomoni.

Usiku niliandika ripoti ya idara.
Ubao: umeliwa na wadudu upande wa chini.
Dhahabu: imebanduka sehemu saba.
Uso: moshi, mpasuko mmoja mwembamba.
Kuna kisanduku kiitwacho "kasoro za asili".
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu, kengele ikalia, kuku wakapiga kelele.
Nikakiacha kitupu, nikashuka mstari:
Mkono wa kushoto, kamili.