Tatu Nukta Moja

Miaka thelathini na minane nasonga halwa Langoni,
kidole changu cha shahada kimekuwa gome.
Sindano ya kwanza ilipinda.
Ya pili ikatoa tone la shingo upande,
kijikaratasi kikalinywa,
mashine ikaandika kumi na sita nukta nne
kama karani anayenidai kodi ya marehemu baba.

Sukari! Mimi niijuaye sauti yake ikiiva,
nijuaye ikisema pwa na ikisema pwaa,
sikujua imehamia ndani bila hodi.

Nesi Kadzo hakunihutubia.
Alichukua simu yangu, yenye ufa kama mkondo wa Tana,
akatia humo darasa zima.
Alfajiri inauliza: Umepima?
Adhuhuri: Umekula nini leo?
na orodha nichague:
ugali, sukuma wiki, chapati, githeri.
Nikatafuta mkate wa mofa. Hakuna.
Bokoboko, hakuna. Mbaazi za nazi, hakuna.
Nikabonyeza githeri siku tisa,
chakula nisichowahi kukitia kinywani,
hadi Kadzo akapiga:
"Bwana Shee, githeri ya kila siku
unaitoa wapi hapo Lamu?"

Tangu hapo namtumia sauti, simu inaigeuza maandishi.
Nasema yeo, inaandika yeye.
Nasema ndaa, inaandika ndoa.
Mgonjwa anasikia ndoa usiku, ikampelekea nesi,
na Barke, mke wangu, akayasoma hayo mara mbili,
akavua miwani,
akanitazama.

Jumatatu ni siku ya nyayo.
Mguu wa mwenye sukari huumia bila kusema,
basi lazima upigwe picha, kisigino hadi vidole.
Miaka sitini na mmoja nazikanyagia
na sikuwahi kuziona.
Nikalala kifudifudi, Barke kashika simu na tochi,
anacheka, kisha hacheki:
doa jekundu, ukubwa wa punje ya iliki,
pale sufuria iliponitemea nami nisijue.
Kadzo alijibu saa nne usiku, maneno mawili:
Njoo kesho.

Kuonja nimeacha. Anaonja Famau, mwanangu,
nami naisoma pua yake
kama nisomavyo ile mashine.

Kisha usiku wa oda ya harusi ya Mkomani.
Dawa nimemeza, chakula nimesahau,
mwiko umenishika tangu magharibi.
Jasho likaja, la baridi, mbele ya moto.
Mikono ikacheza ngoma isiyo yangu.
Tatu nukta moja.
Simu ikawa nyekundu kama muhuri wa mahakama,
na ndani yake sauti ya Kadzo, aliyoirekodi zamani, kwa ajili yangu tu:
"Si halwa, Bwana Shee. Nakujua.
Samli huichelewesha sukari njiani.
Maji, vijiko vitatu, kaa kitako,
dakika kumi na tano, upime tena."

Nikakaa juu ya gunia la kilo hamsini.
Zafarani inanukia hapo, shibri mbili kutoka puani,
na hata siku ya kuokolewa na sukari
halwa yangu imekatazwa!
Nikanywa maji matamu kama mtoto mwenye homa.
Famau akashika mwiko, maana halwa haingoji mgonjwa.
Anasonga kwa bega, si kwa kiuno.
Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa mzito.
Nikahesabu dakika, nikahesabu makosa yake,
na kila dakika makosa yakapungua.

Tano nukta mbili.

Asubuhi simu ikauliza kama kawaida: Umekula nini leo?
Mwisho wa orodha, chini ya githeri,
pamechomoza kitu kipya: mkate wa mofa.
Nikaubonyeza hapo hapo.
Sikuwa nimeula, Kadzo, nisamehe;
mkono ulitangulia.
Ndipo nikamtuma Famau mbio akaununue,
iwe kweli kabla hujasoma.
Nusu, nikamwambia.
Nusu tu.