Njia ya Kaberwa

Alfajiri Ndiwa alinoa panga
kwenye jiwe la mlangoni, kimya.
"Njia ipo," alisema baadaye, "ila haina mtu."

Mwanzoni ilikuwa njia kweli:
mashamba ya vitunguu, mbwa,
mtoto akivicheka viatu vyangu vipya.
Kisha mianzi.
Mianzi iliyoangukia mianzi,
tukapita kwa magoti, kwa tumbo, kwa matusi,
upupu shingoni, siafu ndani ya soksi,
na kinyesi cha ndovu kikifuka mvuke mbele yetu
kama ugali uliopakuliwa sasa hivi.

Saa nne nilihesabu hatua.
Saa sita nilihesabu pumzi.
Saa nane soli ya kushoto iliniaga;
Ndiwa akaifunga kwa ukambaa wa gome,
fundo akalikaza kwa meno.

Kibao cha idara ya misitu tulikikuta kimelala chali,
kutu imekula idadi ya kilomita.
Umebaki mshale peke yake,
unaelekeza mbinguni.

Hapo tukacheka hadi mbavu zikauma,
tukala viazi baridi kwa chumvi.
Ukungu ukaja, ukaketi kati yetu
bila hodi.
Kileleni mwa Elgon hatukufika. Sisemi uongo.

Tukishuka nilitafuta mianzi tuliyoikata asubuhi:
mkato mweupe, kisha mwingine,
maji yakichuruzika polepole.
Ndiwa aliupapasa mmoja kwa kidole gumba.
"Mvua mbili tu," akasema,
"na hatukupita hapa."