Utepe wa Manjano

Mama alinifundisha kuchimba ming'oko porini Nanguruwe:
usitie nguvu, fuata mzizi kwa vidole,
ukiuvunja umeuza nusu.
Hilo nililijua nikiwa na miaka saba.

Nina arobaini na mbili. Nachimba mitaro Mtwara mjini,
malipo kwa mita, chai juu ya mwenye kazi.
Ule wa Chikongola ulikuwa mita kumi na nne,
bomba la maji mpaka jikoni kwa Bi Somoe.
Udongo mwekundu, ukikatika kama ugali wa jana.
Futi moja chini nikakuta utepe wa manjano,
mpana kama kiganja, una maandishi.
Nikaukata. Nikaukunja.
Jioni nilimfungia nao kuku wa mwanangu.

Kisha chepe likagusa kitu kisicho jiwe wala mzizi.
Kilitoa sauti ndogo, ko,
kama mtu aliyebisha mara moja akaghairi.
Nikaona mkwaruzo.
Nikatazama nyuma. Nikafukia.
Nikalipwa, nikaongezwa elfu mbili ya soda.

Gesi, wanasema, hutoka chini haina harufu.
Ni mgeni asiyejua hodi.
Watu ndio waliotia uvundo ule, makusudi,
ili ikiingia isipoalikwa ijitangaze.
Siku ya tisa ilijitangaza.

Bi Somoe hakusikia, pua yake ugoro ulishaimaliza.
Mjukuu ndiye aliyesukuma sahani:
"Kuna yai bovu."
Wakamsingizia tetea.
Wakalitafuta yai, jamani,
uvunguni, nyuma ya debe la korosho, ndani ya kinu,
chumba kikiingia giza,
na mjomba Chilumba amenyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe!"
Ni Sijaona, mkaza mwana, mlangoni na ndoo kichwani.
Jina lake Sijaona, na kweli hakuona kitu. Alinusa.
Usiwashe taa. Hiyo redio nayo usiizime, iache iimbe.
Kiberiti weka chini. Simu usiiguse humu ndani.
Akafungua dirisha; la pili likagoma, akaliacha.
Akambeba bibi kama furushi, bibi akitukana,
wakatoka wote miguu mitupu
mpaka kwa fundi cherehani, mtaa wa pili.
Ndipo akapiga simu.

Nilifika na umati. Nilisimama nyuma.
Mafundi wakaja na kipimo kinacholia kama kifaranga,
wakatembea juu ya mtaro wangu.
Kikalia. Kikalia. Kikazidi.
Gesi ilifuata njia niliyoilainishia mwenyewe,
udongo niliouacha umelegea, moja kwa moja hadi jikoni.
Wakapaka ardhi rangi: njano, buluu, nyekundu,
gesi, maji, umeme,
nami nikajiona miaka yote
nimekuwa nikikata nyama ya mtu aliye hai
bila kuuliza mshipa umepita wapi.

"Nani alichimba hapa?"
Kimya kile kilikuwa na urefu wa mita kumi na nne.
Nikasema, mimi.

Siku hizi sichimbi kabla ya kupiga simu.
Siku mbili, tatu, nasubiri waje kuchora.
Wenye kazi huchoka, humwita mwingine.
Mmoja wa Shangani aliniuliza,
"Wewe mchimbaji au mposaji?"
Vyote, nikamwambia.
Nikifika karibu na mstari naweka chepe kando,
napiga magoti, nachimba kwa vidole
kama porini Nanguruwe.

Kuku yule bado yupo. Utepe nimemfungua mguuni,
nimeuosha. Umetundikwa juu ya mlango wetu.
Neno moja bado linasomeka, HATARI,
miguu juu, kichwa chini,
kwa sababu aliyeutundika ni mwanangu,
naye hajaanza shule.