Vifungo

Mama anashona vifungo kwenye koti la mwalimu,
mimi nafunga vifungo vyangu humu ndani ya mashine.
Neno ni lilelile, ingawa yeye hakubali.
"Kifungo kina matundu manne. Chako kina mangapi?"

Kadutu, Jumamosi, saa mbili usiku. Mvua imepiga mabati ikachoka.
Kuna injini iliyoandikwa kwa lugha ngumu ya zamani,
na kuna lugha yangu, laini, ya hesabu za cherehani.
Hazisikilizani. Dawa ni moja: jenga mwenyewe, kutoka chanzo.

Chanzo nilikipakua jana, kwa mega za faranga elfu mbili,
usiku wa manane, mtandao ukiwa hauna wa kuugombania.
Nikaamuru: jenga.
Mistari ikateremka mbio, kama watoto kwenye ngazi za soko.
Asilimia tisa, thelathini, sitini na moja,
faili la kichwa halikuonekana.
Nilisoma kwa sauti. Mama akaacha sindano:
"Nani hana kichwa?"

Nikaweka kichwa. Ikadai maktaba.
Nikaleta maktaba; ikasema toleo hili ni la tatu,
yenyewe inalijua la pili tu, kama shangazi Nabintu
anayeniita mpaka leo kwa jina la kunyonyea.
Nikarudi nyuma toleo moja. Nikafuta. Nikaanza upya.

Themanini na nane, umeme ukakatika.
Betri yangu ilishakufa tangu Krismasi.
Kule chini ziwa linaendelea kuimwagia Ruzizi,
mto unazaliwa mbele ya macho yetu, unateremkia mitamboni,
na sisi wa chanzoni tunabana tochi kwa meno.

Kinyozi Cirhuza ana betri ya lori na paneli juu ya paa.
"Nusu saa tu. Kesho ibada, vichwa ni vingi."
Vichwa! Nikacheka peke yangu.
Nikakaa kati ya nywele za watu, feni ikilia,
mpaka mia. Nikasakinisha.
Nikaita injini kwa lugha yangu: jumlisha saba na tano.
Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta miwani.
Kumi na mbili.

Nimerudi, mama anakata uzi wa mwisho.
"Sasa zinasikilizana?"
Zinasikilizana.
"Zinasema nini?"
Kumi na mbili, mama.
Akahesabu vifungo vya koti, na vya mikononi.
Kumi na kimoja.
Akachukua tochi, akapiga magoti chini ya meza.