Chini ya Rangi Nyeupe

Kazi yangu ilikuwa herufi.
Zaslow alitunga, Bremmer alihariri,
mimi nilitia maneno ndani ya viputo, dola mbili kwa ukurasa,
ghorofa ya nne, Mtaa wa Lafayette, New York,
dirisha halifungi, theluji inaingia pamoja na bili.

Jumatatu niliandika kama nilivyopewa:
shujaa amepiga magoti kando ya kitanda,
joho limelowa, mkono wa mama umeshapoa.
*Nimechelewa, mama.*
Basi.

Jumatano Bremmer akaja na penseli ya buluu.
"Shujaa hachelewi," akasema,
"sembuse toleo la Desemba."
*Watalipa, mama!*
Nikachovya brashi katika rangi nyeupe.
Bremmer kashika mpini, Zaslow makali,
na mimi, nisijitoe, nilikuwa kitambaa.

Ijumaa Zaslow akaja kuchukua hundi.
Mgongoni mwa hundi pana mhuri, maandishi kama mayai ya chawa:
atiaye sahihi hapa ameuza yote,
jina, joho, mama, na kule kuchelewa.
Akaazima kalamu yangu.
Kalamu ileile.
"Umeniachia nini?"
"Mama," nikamjibu. "Na koma."

Ingekuwa rahisi kumchukia Bremmer.
Lakini toleo la ishirini na tatu, lile la daraja,
Zaslow alimpa shujaa hotuba ya mistari tisa
na Bremmer akaifyeka, akabakiza:
*Shuka. Nipo.*
Barua zikaja gunia zima, Toledo, Duluth,
mvulana mmoja aliandika kwamba aliisoma akiwa juu ya paa
kisha akashuka, akala chakula cha jioni.
Zaslow alizijibu zote kwa mkono wake.
Hakusema maneno ni ya nani.
Bremmer naye hakudai.

Wote wawili sasa wako udongoni,
na ukurasa wa kitanda unauzwa kwa bei ya nyumba.
Nilikwenda mnadani kuutazama, na miwani yangu miwili.
Rangi nyeupe imezeeka, imekuwa njano kama jino,
imepasuka, na wino wa Jumatatu unapanda
kupitia wino wa Jumatano,
kinywa kimoja kikisema yote kwa pamoja:
watalipa nimechelewa, mama.

Kijana wa mnada, tai shingoni, akaniomba radhi.
"Ni kasoro ndogo, bibi. Mafundi wataifuta."

"Ipi?" nikamuuliza.